Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu: Iingizeni Baiskeli Darasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa); Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania; na maafisa elimu wa mikoa, wilaya na kata.

YAH: OMBI LA BAISKELI KAMA ZANA YA KUFUNDISHIA SAYANSI KATIKA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi mkoani Shinyanga. Nawaandikia kuomba jambo moja. Kila shule ya msingi ya serikali iwe na baiskeli moja iliyoandikwa kwenye daftari la vifaa kama zana ya kufundishia, pamoja na spana zake, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Na mada za kani, mwendo na mashine rahisi zifundishwe kwa kuishika baiskeli hiyo, kuifungua na kuipima. Maabara tunazihitaji pia, ila najua gharama yake na najua foleni ilivyo ndefu. Baiskeli inapita nje ya dirisha la darasa langu kutwa nzima.

Anayeijua Shinyanga ananielewa. Huku baiskeli ndiyo inayobeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, abiria wa stendi, mama mjamzito anayewahi zahanati. Watoto wetu wanaizoea kabla hawajaifikia kwa kimo. Mtoto wa darasa la tatu ambaye miguu yake haigusi pedeli akikaa kwenye siti hupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, anaibana siti kwapani, mkono mmoja kwenye usukani, kisha anaondoka. Baiskeli imelala upande huu, mwili wake umelala upande ule, na haanguki. Mchore ubaoni vile vile alivyo, weka mishale ya uzito, na una kipindi kizima cha kitovu cha uzito na mlingano wa kani.

Mtoto huyo huyo akiulizwa darasani mwendo ni nini, anasimama wima na kukariri: "Mwendo ni badiliko la mahali kitu kilipo." Anapigiwa makofi, anakaa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba sentensi ile inahusu safari yake ya kisimani asubuhi. Hilo linaniuma kila mwaka, kwa sababu anachokosa mtoto huyu ni kitu kidogo sana, na akili ya kukipokea anayo tele.

Naomba nieleze kipindi kimoja kinavyokwenda, ili ombi langu lisionekane la hewani.

Tunaigeuza baiskeli kichwa chini, usukani na siti vikae sakafuni, magurudumu juu. Ni ile kubwa nyeusi ya inchi 28 ambayo kila mtu anaijua. Kazi ya kwanza ni kuhesabu meno, ya duara la mbele penye pedeli na ya duara dogo la nyuma. Kundi moja linasema mbele kuna 48, jingine linasema 47. Wanabishana, wanahesabu upya, mpaka mmoja anagundua kwamba ukitaka kuhesabu kitu cha duara lazima kwanza utie alama ya chaki pale ulipoanzia. Sikuwaambia mimi. Baada ya hapo wanakubaliana: 48 mbele, 20 nyuma.

Kisha tunafunga uzi mwekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma. Nawauliza: nikizungusha pedeli mzunguko mmoja, uzi utapita hapa mara ngapi? Walio wengi hujibu mara moja. Tunazungusha polepole. Uzi unapita mara moja, unapita mara ya pili, halafu unaendelea karibu nusu ya duara kabla pedeli haijarudi ilipoanzia. Wanaangaliana. Gawanya 48 kwa 20 na unapata 2.4. Wanafunzi wale wale wanaochukia desimali kwenye kipindi cha hisabati wanaigombea chaki ili waandike jibu hilo wao.

Tunatoka uwanjani. Mzingo wa gurudumu tunaupima kwa kutia alama kwenye tairi na kulivingirisha mzunguko mmoja juu ya ardhi. Unakuja takribani mita 2.2. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli unatakiwa kuipeleka baiskeli mita 2.2 mara 2.4, yaani kama mita 5.3. Tunampandisha mwanafunzi, anakanyaga mzunguko mmoja kamili, tunapima kwa utepe. Inapungua kidogo. Kwa nini? Hapa ndipo ninapokaa kimya makusudi. Wengine wanalaumu utepe, wengine wanamlaumu mpandaji. Binti mmoja aliinama akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akasema upepo hautoshi, tairi linakaa chini mtu akipanda, kwa hiyo gurudumu limekuwa fupi. Tukajaza upepo, tukapima tena, na tofauti ikapungua. Binti yule alitoa hoja, akaijaribu kwa kipimo, na hoja ikasimama. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, Waheshimiwa, na iliwezekana kwa chaki, uzi na pampu.

Kutoka hapo tunaingia kwenye kani, na hapa ningependa maafisa wetu wangekuwepo wasikilize maswali. Mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi, kwa hiyo katika mzunguko mmoja mguu unasafiri kama mita 1.1, huku baiskeli ikisafiri mita 5.3. Umbali umekuzwa karibu mara tano. Basi kani lazima ipungue karibu mara tano. Mkono wa pedeli ukiwa umelala na wewe ukaukanyaga kwa kani ya nyutoni 300, kani inayosukuma barabarani ni kama nyutoni 60 tu, kabla msuguano haujachukua sehemu yake. Mtoto akishaliona hilo anajijibia mwenyewe mambo mengi: kwa nini baba hushuka na kusukuma kwenye mwinuko akiwa na magunia ya mkaa, kwa nini duara kubwa zaidi la meno nyuma humsaidia mpanda kilima, kwa nini mtu hawezi kupata mwendo na nguvu vyote kwa mpigo. Kwenye kitabu jambo hili limeandikwa kwa maneno ya jitihada, mzigo na egemeo. Maneno hayo ni sahihi. Yanakuwa mepesi mno yakija baada ya mkono kushika pedeli.

Nimewahi kuwaeleza wanafunzi kwamba Orville na Wilbur Wright, waliorusha ndege yenye injini tarehe 17 Desemba 1903, walikuwa mafundi na wauza baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani, na kwamba panga za ndege yao zilizungushwa kwa cheni na meno, kwa kanuni ile ile iliyokuwa imepinduliwa mbele yao sakafuni. Darasa lilitulia. Halafu mmoja akauliza meno yalikuwa mangapi.

Jirani na shule yetu kuna fundi baiskeli. Nilimwomba aje siku ya mada ya kanieneo, na alikuja na beseni lake, msasa, solushen na vipande vya mpira. Akaijaza upepo tyubu yenye pancha, akaizamisha majini, mapovu yakaonyesha tundu lilipo. Akapiga msasa, akapaka solushen, kisha akafanya jambo ambalo watoto hawakulitarajia: akasubiri. Wakamwuliza kwa nini habandiki. Akawaambia ukibandika ikiwa mbichi kiraka kitateleza, acha ikauke kwanza ndipo ishike. Nikaongezea pale: kwa nini msasa, eneo la kushikana linaongezekaje, upepo ndani ya tyubu unasukuma kuelekea wapi, kwa nini baiskeli yenye tairi jembamba inazama kwenye mchanga. Nikawaambia pia kwamba tairi la upepo lilianza kutumika kwenye baiskeli baada ya daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, kulitengeneza mwaka 1887 mjini Belfast kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kwa watoto wa wafugaji, kusikia kwamba aliyefanya hivyo alikuwa daktari wa mifugo kuliwagusa kuliko nilivyodhani.

Fundi akawaonyesha na rimu iliyopinda. Akagonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza ikalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea ikatoa sauti nzito. Akaanza kukaza hapa na kulegeza pale, rimu ikanyooka machoni mwetu. Nyingi ya baiskeli hizi kubwa zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Hesabuni na watoto, kisha waulizeni kwa nini nyuma ni nyingi. Watawajibu kabla hamjamaliza swali, kwa sababu wao ndio wanaokaa kwenye karia.

Kiongozi mmoja aliyekuja kukagua shule aliniambia mtu yule hana sifa ya kusimama mbele ya wanafunzi. Nililipokea kwa heshima, lakini silikubali. Fundi hakuja kuchukua nafasi ya mwalimu. Alikuja na ujuzi wa mikono ambao mimi sikufundishwa chuoni, na nilikuwa naye bega kwa bega kipindi chote. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, unasisitiza umahiri na umefungua mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari. Mtoto atakayeambiwa achague amali akiingia kidato cha kwanza atachaguaje kama hajawahi kushika spana wala kuona fundi akiheshimiwa darasani?

Kuna upande mwingine wa baiskeli unaonifurahisha zaidi ya yote. Tunalifungua gurudumu la mbele, mwanafunzi analishika ekseli kwa mikono miwili, mwenzake analizungusha kwa kasi. Namwambia alilaze upande. Linakataa, linamvuta mikono kuelekea upande asioutarajia. Kila mmoja anataka zamu yake. Kwa miaka mingi watu wameeleza kwamba hiyo ndiyo sababu baiskeli ikiwa mwendoni haianguki, pamoja na jinsi gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa mhimili wa usukani. Lakini mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na wa Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science majaribio ya kibaiskeli walichokiunda kwa namna ya kuziondoa sababu zote mbili, na bado kilipopewa mwendo kilijisimamisha chenyewe. Maana yake ni kwamba chombo hiki, ambacho mtoto wa Shinyanga anakipanda kwenda kuchota maji, bado kinawafikirisha maprofesa. Napenda mtoto alisikie hilo akiwa bado mdogo, ajue kwamba kuna kazi imebaki na anaweza kuifanya yeye.

Sasa nije kwenye jambo la uhai. Watoto hawa wanaendesha kwenye barabara kuu, pembeni mwa malori, mara nyingi wakiwa wamepakiana. Tunawafundisha alama za barabarani, na ni vizuri. Hatuwafundishi kwamba kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mwendo inaongezeka mara nne. Mtoto na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 70, wakienda kilomita 18 kwa saa, wana nishati ya jouli 875. Kwa kilomita 36 kwa saa, mwendo ambao baiskeli inaufikia kirahisi kwenye mteremko, ni jouli 3,500. Nishati hiyo yote inatakiwa kugeuzwa kuwa joto na vile vipande vya mpira vinavyobana rimu. Kama breki zilimsimamisha ndani ya mita 5 kwenye kasi ya kwanza, kwenye kasi ya pili zitahitaji mita 20. Rimu ya chuma ikilowa mvua, msuguano unashuka vibaya na mita hizo zinazidi.

Tunalijaribu hili uwanjani kwa mwendo mdogo, kwa mawe ya kuwekea alama na ndoo ya maji ya kulowesha rimu, mimi nikiwa nimeshika karia kwa wale wasio na uzoefu. Naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyepima mwenyewe umbali wa kusimama anashika breki mapema zaidi kuliko aliyeambiwa tu kuwa mwendo kasi unaua. Askari wa usalama barabarani wanaotembelea shule wangekuwa na somo zito zaidi kama wangeikuta baiskeli pale na kuitumia.

Kuhusu wasichana, nasema wazi: usimamizi ukilegea, wavulana wanaishika spana na wasichana wanashika daftari. Mwongozo wowote mtakaoutoa useme kwamba kila mwanafunzi atafungua nati, atarudisha cheni iliyochomoka na ataziba pancha kwa mikono yake. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 mpango wa kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa baiskeli za kwendea shule, na utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ulionyesha kwamba uandikishaji wao sekondari ulipanda, zaidi kwenye vijiji vilivyo mbali na shule. Siombi mpango mkubwa wa namna hiyo katika barua hii. Nataja tu kwamba msichana anayejua kuitengeneza baiskeli hatakatishwa safari ya shule na mwiba.

Najua pingamizi zitakazotajwa. Kwamba baiskeli itaibwa: itafungiwa ofisini kama mipira na vitabu. Kwamba watoto wataumia: cheni inabana vidole, ni kweli, na ndiyo maana anayezungusha pedeli huwa mmoja na wengine hukaa mbali, jambo ambalo nalo ni la kufundishwa. Kwamba fedha hakuna: baiskeli kuukuu haifiki bei ya hadubini moja nzuri, inahudumia madarasa kwa miaka, na ikiharibika kuharibika kwake ni kipindi kingine.

Pingamizi zito ni mtihani. Walimu tunafundisha kinachopimwa, na wazazi wanatupima kwa kinachofaulishwa. Kama mtihani wa kuhitimu elimu ya msingi utaendelea kuuliza tafsiri za maneno zaidi ya matumizi yake, mwalimu atakayetoka na baiskeli uwanjani ataonekana anachezea muda. Naliomba Baraza la Mitihani lijaribu maswali ya namna hii: baiskeli ina meno 44 mbele na 22 nyuma, mzingo wa gurudumu la nyuma ni mita 2; pedeli ikizungushwa mara 10, itakwenda umbali gani? Swali jingine: dereva amebadilisha meno ya nyuma akaweka mengi zaidi, kupanda kilima kutakuwa rahisi au kugumu, na kwa nini? Siku maswali mawili kama hayo yatakapotokea kwenye karatasi, mwaka unaofuata baiskeli zitakuwa madarasani nchi nzima bila mtu kusukumwa.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iweke shughuli za baiskeli katika kiongozi cha mwalimu, zikiwa na michoro, vipimo na tahadhari zake, ili mwalimu asiyewahi kufungua gurudumu apate pa kuanzia. Naiomba TAMISEMI itoe waraka unaoruhusu bayana fedha za ruzuku kununua baiskeli iliyotumika, spana na pampu, kwa sababu leo mwalimu mkuu akinunua baiskeli mkaguzi wa hesabu atamwuliza ilikuwa ya nani. Waraka huo huo uruhusu kumlipa fundi wa jirani posho ndogo kwa siku anazoalikwa. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wao angalau siku chache za kufungua na kufunga baiskeli. Kwa sisi tulio kazini tayari, vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) kwenye kata vinatosha: mwalimu mmoja akija na baiskeli na wenzake wakaikalia kwa saa mbili, watarudi shuleni na masomo ya muhula mzima.

Kama nchi nzima ni kubwa mno kwa kuanzia, anzeni na kata chache za mikoa ambayo baiskeli zimejaa, Shinyanga, Tabora, Simiyu, na muwapime wanafunzi kabla na baada. Niko tayari kuwapokea wathibiti ubora na wakuza mitaala katika kipindi changu chochote cha mashine rahisi, bila kupanga siku maalumu. Maandalio ya masomo, michoro na vipimo vya wanafunzi nimevitunza na nitavikabidhi kwa yeyote mtakayemtuma. Ninachoomba ni waraka utoke kabla shule hazijapitisha bajeti za mwaka ujao, kwa maana ukichelewa hapo tutasubiri mwaka mwingine, na wa darasa la sita watakuwa wameshaondoka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi,
Mkoa wa Shinyanga